Imla ya Kiingereza haihitaji mzazi anayejua Kiingereza

Tangu Januari 2024, mtaala mpya ulipoanza kutumika darasa la kwanza, mtoto wa shule ya msingi ya serikali anakutana na Kiingereza kama somo tangu mwaka wake wa kwanza. Kaka na dada zake waliosoma kwa mtaala wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) ulioanza 2015 walikikuta darasa la tatu, wakiwa tayari wanasoma Kiswahili bila kushika mstari kwa kidole. Wenye watoto katika shule za mchepuo wa Kiingereza nao wana lao: waraka wa Kamishna wa Elimu uliozuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, kuanzia Machi 2023, uliwarudisha nyumbani watoto ambao zamani kazi zao za jioni zilikuwa mikononi mwa matroni. Kwa hiyo, hapa Mwanza, kuanzia Buhongwa hadi Igombe, karatasi ya maneno kumi ya kuandaa kwa imla ya Ijumaa imekuwa mgeni wa kila wiki. Na makundi ya WhatsApp ya wazazi yanarudia lalamiko lile lile: "Mimi mwenyewe hicho Kiingereza sikijui, nitamfundishaje?" Mwenye nacho analipa mwalimu wa tuisheni. Asiye nacho anasubiri alama.

Nadhani tumelielewa vibaya tatizo hili. Kusimamia imla ya mtoto wa miaka sita, saba au minane hakuhitaji mtu anayejua Kiingereza. Kunahitaji mtu mwenye macho, dakika kumi na uvumilivu, na anayejua namna moja ya kumpima mtoto. Namna tuliyoizoea, ile ya kumwimbisha majina ya herufi mpaka koo limkauke, ndiyo inayomfanya apate tisa Ijumaa na Jumatatu ya pili yake asikumbuke hata manne. Tuisheni nyingi ninazoziona mtaani zinaendeleza uimbaji huo huo, tofauti ni kwamba zinalipiwa.

Ni vizuri kujua kwanza ugumu unatoka wapi. Kiswahili, karibu kila mara, kinaandikwa kama kinavyosikika. Irabu ni tano na kila moja ina sauti yake isiyobadilika. Aliyeshika ba, be, bi, bo, bu ataandika baba, bibi na babu bila kuambiwa. Wanaolisimamia jambo hilo walilifanyia kazi: Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoanza 1930 ilisanifu tahajia kwa kufuata lahaja ya Kiunguja, wakati ambapo maandishi ya Kilatini ya lugha hii yalikuwa bado machanga na yanarekebishika. Kiingereza hakikupata nafasi hiyo. William Caxton alifungua mtambo wake wa kuchapa Westminster mwaka 1476, na maneno yakaanza kuganda kwenye karatasi wakati matamshi yake yalikuwa yangali yanahama. Ile k ya mwanzo wa knife zamani ilitamkwa. Watu wakaacha kuitamka, wachapaji wakaendelea kuiandika, na leo mtoto wa Igoma anakatwa alama kwa ajili yake. Herufi 26 zinabeba sauti zipatazo 44, na sauti moja inaweza kuandikwa kwa njia nne au tano.

Ugumu huu unawapata hata wenye lugha. Mwaka 2003 Philip Seymour wa Chuo Kikuu cha Dundee na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha watoto wa Uskoti na wenzao wa nchi nyingine za Ulaya mwishoni mwa mwaka wa kwanza wa shule. Watoto wa Finland, ambao lugha yao inaandikwa kama inavyosikika, walisoma sawasawa maneno ya kawaida 98 katika kila 100. Wa Uskoti, waliozaliwa ndani ya Kiingereza, walisoma takriban 34. Na huo ulikuwa mtihani wa kusoma tu. Kuandika ni kugumu zaidi. Kwa hiyo mtoto wa Mabatini akiandika wota badala ya water, kabla hujakunja uso, kumbuka kwamba amefanya kazi ya akili. Amelisikia neno, amelikata katika sauti zake, na kila sauti ameipa herufi ambayo Kiswahili kilimfundisha. Wa kutia wasiwasi ni yule anayeandika wrtae. Huyo ana herufi zote tano sahihi na hajasikia chochote, ameimba tu.

Huko kuimba ndiko kunakostahili kutazamwa kwa karibu. Mzazi anashika karatasi, anasoma neno, kisha anatamka herufi moja moja na mtoto anafuatisha: bi, i, di, bed. Mara kumi, mara ishirini. Lakini mtoto huyu, kipindi cha Kiswahili, amefundishwa kwamba herufi yenye nukta juu ndiyo i. Kwa Kiingereza jina hilo hilo ni la herufi e, na ile yenye nukta inaitwa ai. A nayo inaitwa ei, ambayo kwa sikio letu ni e na i zikifuatana. Tunamtaka mtoto wa darasa la pili ashike mifumo miwili inayogombana juu ya irabu zile zile, na tunamwambia hayo kwa mdomo tu, bila kumwonyesha chochote. Pale Mwaloni, Kirumba, niliwahi kumwona mama mchambuzi wa dagaa akimwimbisha mwanawe neno hilo hilo la bed huku mikono yake ikiendelea na kazi. Mtoto aliimba bila kukosea. Alipopewa kalamu na kipande cha boksi akaandika bid. Mama akapandisha sauti: "Nimekwambia i!" Mtoto akalikata neno, akaandika bid kwa mara nyingine, safari hii kwa wino uliokolea. Alikuwa anaandika alichoambiwa.

Namna ifaayo haina kelele. Mtoto anaangalia neno lililoandikwa na mwalimu, analisema, analifunika kwa kiganja au kwa kifuniko cha daftari, analiandika kwa kichwa, kisha analifunua na kulinganisha mwenyewe, herufi kwa herufi. Katika shule za Uingereza ni zoezi la kawaida la watoto wadogo. Kazi ya mzazi ni kuhakikisha mtoto hachungulii, na pale maneno mawili yanapotofautiana, kumwacha atafute tofauti kabla ya kumwonyesha. Akikosea herufi moja, hana haja ya kuandika neno zima mara hamsini. Anaitazama ile sehemu iliyomponyoka, anafunika tena, anaandika tena. Kufuata mstari kwa kunakili, jambo ambalo daftari nyingi za kazi za nyumbani zimejaa, kunampa mtoto mwandiko mzuri na kidogo sana cha zaidi, kwa sababu anayenakili hahitaji kukumbuka lolote.

Sababu za kisayansi zinajulikana siku nyingi. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejifanya mwenyewe kuwa wa kupimwa, aliandika mwaka 1885 kwamba kinachojifunzwa kwa mkupuo husahaulika haraka, na kwamba mazoezi yaliyotawanywa katika siku kadhaa hudumu kuliko yaliyorundikwa siku moja. Mwaka 2006, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, huko Marekani, waliwapa wanafunzi kifungu cha habari. Wengine wakakisoma tena, wengine wakajaribu kukiandika bila kukiangalia. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma ndio walioongoza. Baada ya wiki mambo yaligeuka, waliojaribu kukumbuka wakawa mbele kwa mbali. Hao walikuwa watu wazima wa chuo na si watoto wa imla, nakiri, lakini ndivyo hasa inavyotokea kati ya Alhamisi usiku na Jumatatu. Mzazi anayemkalisha mtoto saa nzima Alhamisi anaona maendeleo kwa macho yake, na ni ya kweli, ila ni ya kesho tu. Dakika kumi za Jumatatu, kumi za Jumanne pamoja na maneno mawili ya wiki iliyopita, kumi za Jumatano, hazionekani kama kitu. Mtoto hata atakosea zaidi katika siku hizo. Kukosea kule, na kujitahidi kukumbuka, ndiko kunakolifanya neno likae.

Maneno yenyewe pia yanahitaji kupangwa, na hapa lawama ni ya shule zaidi kuliko ya nyumbani. Nimeziona orodha za darasa la pili zenye hat, blackboard, mango, Wednesday na fish kwa pamoja. Hakuna uhusiano wowote kati yake isipokuwa mwalimu aliyachukua ukurasa mmoja. Mtoto akipewa hat, cat, mat na rat, anajifunza jambo moja mara nne, na la tano, bat, anaweza kuliandika hata kama hajawahi kuliona. Mzazi akipokea orodha ya shaghalabaghala anaweza kuipunguza mwenyewe: achague matano yanayofanana kwanza, yale magumu ayaache mawili mawili. Wednesday haina ujanja, hiyo ni ya kukariri kwa jicho, na mtoto aambiwe waziwazi kwamba d ile ya katikati ipo tu. Watoto hupenda kuambiwa ukweli kuhusu herufi zisizofanya kazi.

Lakini kabla ya hayo yote kuna Kiswahili, na hapa naona hatari kubwa kuliko Kiingereza chenyewe. Tumejiaminisha kwamba tahajia ya Kiswahili inajiendesha, kwa hiyo imla ya Kiswahili imeanza kupotea majumbani, kama iliwahi kuwapo. Haijiendeshi. Watoto wengi wa Kanda ya Ziwa huchanganya l na r kwa sababu ndivyo wanavyosikia nyumbani na sokoni, na kura ikiandikwa kula sentensi inageuka kuwa nyingine kabisa. Dhahabu inaandikwa zahabu, thelathini inaandikwa selasini, hapa inabaki apa. Ng'ombe anapoteza ritifaa yake na kuwa ngombe, jambo la kushangaza katika mkoa ambao majina mengi ya ukoo yanaanza na ng'. Mtoto anaitamka sauti hiyo kila anapoitwa shuleni, ila hajaonyeshwa namna ya kuiandika. Mtoto asiyeweza kusikia tofauti ya l na r katika lugha anayoota nayo hatasaidiwa na kupewa light na right kwa wakati mmoja. Ustadi wa kusikiliza neno na kulikata katika sauti zake unajengwa kwa lugha anayoijua. Ukishajengwa anaubeba kwenda nao kwenye Kiingereza. Kwa darasa la kwanza na la pili ningependa kuona jioni tatu za imla ya Kiswahili kwa kila mbili za Kiingereza. Najua mzazi aliyeshapiga hesabu ya kidato cha kwanza, ambako kila somo isipokuwa machache linafundishwa kwa Kiingereza, ataona huko ni kurudi nyuma. Hofu yake ina msingi. Ila anayekimbilia huko bila masikio yaliyonolewa atafika na daftari lililojaa maneno na kichwa kisichoweza kuandika neno jipya.

Wanaopinga wana hoja, na baadhi ni nzito. Iliyo nzito zaidi ni kwamba hii ni kazi ya mwalimu aliyeajiriwa kwa kazi hiyo, na kumsukumia mzazi ni kuongeza pengo kati ya mtoto wa mwenye nafasi na wa asiye nayo. Sina jibu la kuifuta hoja hiyo. Ninachoona ni kwamba katika darasa la watoto 80 au 100, ambalo si hadithi katika jiji hili, mwalimu hawezi kumtazama kila mtoto akifunika na kuandika; anaweza kusahihisha tu kilichokwisha kuharibika. Hoja nyingine inasema mtoto hujifunza tahajia kwa kusoma, orodha ni za kizamani. Ni nusu ya ukweli. Kusoma kunamzoesha jicho, lakini kunahitaji vitu vya kusoma, na nyumba nyingi zina Biblia au Kurani, kalenda ya mwaka jana na pakiti ya unga. Basi visomwe hivyo. Visomwe pia vibao vya daladala na majina yaliyopakwa rangi ubavuni mwa mitumbwi, ambayo yana makosa ya kutosha kumpa mtoto raha ya kusahihisha watu wazima.

Kuna wanaosema simu itasahihisha. Mtoto wa miaka saba hana simu, na ile ya mama inasahihisha Kiswahili kwa kukigeuza Kiingereza, kila anayeandika ujumbe analijua hilo.

Iliyo dhaifu kuliko zote ni ile ile inayorudiwa zaidi: kwamba mzazi asiyejua Kiingereza hana la kufanya. Kulinganisha maneno mawili yaliyoandikwa kunahitaji kujua herufi. Aliyemaliza darasa la saba anazijua, na wengi ambao hawakumaliza wanazijua pia. Mwanza hii, kati ya 1968 na 1972, ilikuwa makao ya mradi wa majaribio wa UNESCO wa kisomo chenye manufaa katika mikoa ya ziwa, na watu wazima walijifunza kusoma kwa vitabu vya pamba na ndizi. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Bibi aliyetoka katika madarasa yale, asiyejua neno moja la Kiingereza, anaweza kuona kwamba juu pameandikwa t-r-e-e na chini pana t-r-e. Anaweza kusema, "Tazama tena, mjukuu wangu, kuna kitu kimepungua." Hiyo ndiyo kazi yote. Kinachobaki ni matamshi, na hapo ni kweli hatoshi. Neno linaweza kutamkwa na mtoto mwenyewe kama alivyolisikia darasani, au na dada yake wa darasa la tano, ambaye kwa uzoefu wa nyumba zetu ndiye mtahini mkali kuliko wote. Matamshi yakiwa na kasoro, mwalimu atayarekebisha kesho. Tahajia haitaharibika kwa sababu ilipita kwenye jicho.

Muda ni kikwazo cha kweli, lakini haulingani kwa kila mtu na haufanani kila siku. Mvuvi wa dagaa yuko majini usiku wa giza, na mbalamwezi ikikolea anabaki nyumbani, kwa sababu taa zake hazivuti dagaa mbele ya mwezi. Siku hizo za mapumziko watoto wanamwona baba mchana na jioni, na sioni kwa nini daftari lisiwe sehemu ya mapumziko hayo. Mama wa Mwaloni anaondoka alfajiri. Kwake dakika kumi ziko jioni, wakati ugali unaiva, mtoto akiandika kwa mkaa sakafuni akipenda. Kinachoua zoezi hili ni kulifanya adhabu. Fimbo ikiingia kwenye imla, mtoto hujifunza kuficha karatasi, na tangu hapo mzazi hajui tena mwanawe anakosea wapi.

Kama hivyo ndivyo, basi kuna mambo yanayopaswa kubadilika shuleni, na hayana gharama. Orodha inayokwenda nyumbani iwe ya maneno sita au saba yanayofanana kwa sauti, iandikwe na mwalimu ubaoni kwa herufi zinazosomeka, maana nimeona orodha ambazo mtoto alinakili vibaya kisha akakariri kosa wiki nzima. Chini yake yawekwe maneno matatu ya Kiswahili. Imla ya Ijumaa iwe na mawili ya mwezi uliopita, ili anayekariri kwa usiku mmoja ajulikane, na anayejifunza polepole aonekane. Na katika kikao cha wazazi cha mwanzo wa muhula, ambacho kwa kawaida huanza na mahudhurio na kuishia kwenye michango ya uji na mlinzi, mwalimu wa darasa la kwanza apewe robo saa asimame mbele na mtoto mmoja, kipande cha chaki na kiganja cha kufunikia, aonyeshe. Wazazi wakishaona mara moja, wale wa tuisheni watakuwa na maswali ya kujibu.